Melba Liston: tromboni, kalamu na Uhuru Afrika

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanafunzi wa muziki, walimu wao na wanabendi. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha tulizozitazama ukutani nimeziacha.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu wa bendi, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokuja na vyombo vyenu: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nikiwaomba majina ya wakubwa wa jazi mtanipa Louis Armstrong, Duke Ellington, Miles Davis, John Coltrane. Nikiwaomba mwanamke, mtanipa Billie Holiday, mtanipa Ella Fitzgerald. Waimbaji. Kila mara waimbaji. Sasa nipeni mwanamke aliyekaa kwenye mstari wa wapulizaji, bega kwa bega na wanaume, akapuliza tromboni, na muziki wote ukiisha akaenda kuandika noti ambazo wanaume wale wale wangezipiga kesho yake.

Kimya? Basi ndiye niliyekuja kuwaeleza habari zake. Anaitwa Melba Liston. Semeni nami: Melba Liston.

Alizaliwa Kansas City, katika jimbo la Missouri, tarehe 13 Januari 1926. Alipokuwa na miaka saba aliiona tromboni, akaipenda kwa macho kabla hata hajaisikia vizuri, na mama yake akamnunulia. Wazazi mliomo humu, hebu lifikirieni hilo. Ni Marekani ya miaka ya thelathini, uchumi umeanguka, familia ni ya watu weusi, mtoto ni wa kike, na chombo anachokitaka ni kirefu kuliko yeye mwenyewe. Mama akasema sawa.

Tromboni wengi wenu mmeiona kwenye bendi za polisi na za jeshi. Ni ile shaba ndefu ambayo mpigaji anausukuma mrija mbele na kuuvuta nyuma. Tarumbeta ina vitufe vitatu. Saksafoni, huyu mdomo wa bata wetu, ana vitufe mwili mzima. Tromboni ya kawaida haina hata kimoja. Mrija una vituo saba, na hakuna alama inayokuambia kituo kiko wapi. Sikio ndilo linalokuambia umefika. Ukipitiliza kidogo tu, ukumbi mzima umejua. Na kituo cha saba kiko mbali: mkono wa mtu mzima unanyooka wote ndipo unafika.

Sasa mtoto wa miaka saba atafikaje? Hafiki. Melba hakufika. Ikabidi atafute sauti kwa namna yake, ajifunze kwa kusikiliza, na mwaka uliofuata, akiwa na miaka minane, alikwisha kupiga peke yake kwenye redio ya mji wao. Ninaamini kabisa kwamba kila alichokuja kukifanya baadaye kilianzia pale. Mtoto aliyelazimika kuisikia noti kichwani kabla mkono haujaifikia ndiye aliyekuja kuisikia bendi nzima kichwani kabla mpigaji hata mmoja hajakaa kitini.

Mwaka 1937 familia ilihamia Los Angeles. Huko alikutana na mwalimu aliyeitwa Alma Hightower, na naomba walimu mnisikilize hapa. Bibi Hightower aliwakusanya watoto weusi wa mtaani, akawaundia bendi, akawafundisha kusoma noti, akawafundisha kusimama mbele ya watu. Hakuwa na jina kubwa. Huwezi kumkuta kwenye orodha za magwiji. Lakini mikononi mwake alipita Melba Liston, na alipita pia Vi Redd, mpuliza saksafoni, ambaye alikuwa mjukuu wa ndugu yake. Wanawake wawili wa jazi kutoka kwa mwalimu mmoja wa mtaani! Mwalimu unayefundisha chini ya mti bila mshahara wa maana, usimdharau binti aliyekuja kuomba chombo kikubwa.

Akiwa na miaka kumi na sita Melba alijiunga na chama cha wanamuziki na kupata kazi katika bendi ya ukumbi wa Lincoln, pale Central Avenue, mtaa ambao ndio ulikuwa moyo wa muziki wa watu weusi wa Los Angeles. Wasanii walikuja pale kila wiki, waimbaji, wacheza dansi, wachekeshaji, na wengine walikuja mikono mitupu, hawana noti za kuwapa bendi. Nani atawaandikia? Binti wa tromboni. Hapo ndipo alipoanza kazi ya kupanga muziki, akiwa na umri wa baadhi yenu mlioketi mbele hapa.

Mwaka 1943 akaingia bendi ya mpiga tarumbeta Gerald Wilson. Mwaka 1947 Dexter Gordon, gwiji wa saksafoni, alimwita studio wakarekodi pamoja, na kipande kimoja akakitunga kwa heshima yake. Miaka ishirini na moja tu, tayari watu wakubwa wanamtungia nyimbo.

Mngedhani mambo yamenyooka. Hayakunyooka.

Mwaka 1949 bendi ya Gerald Wilson ilisafiri na Billie Holiday kuelekea majimbo ya Kusini mwa Marekani. Huko sheria zilimtenga mtu mweusi: hoteli hii hulali, mgahawa huu huli, mlango huu hupiti. Watu wa Kusini walitaka muziki wa kucheza, na bendi ilikuwa imekuja na muziki wa kusikiliza. Kumbi zikawa tupu, fedha zikakata, safari ikavunjika njiani, wanabendi wakakwama mbali na kwao.

Melba akarudi Los Angeles akaiweka tromboni chini. Akatafuta kazi ya ofisini katika idara ya elimu ya jiji, na kwa miaka kadhaa mmoja wa watu wenye sikio kali kuliko wote nchini mwake alikuwa karani. Ili kuongeza riziki alionekana pia kwenye filamu za Hollywood, zile za hadithi za kale, akiwa amebeba kinubi. Kwenye filamu ya Amri Kumi ya mwaka 1956 yumo, miongoni mwa wanamuziki wa jumba la Farao. Hollywood ilimpa kinubi. Haikumwona na tromboni.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo hotuba za kusifu wanamuziki huliruka. Uzeeni, Melba Liston alipohojiwa juu ya maisha ya safarini, alisema wazi kwamba alibakwa, na si mara moja. Alisema alichokifanya ni kwenda kwa daktari, kisha kurudi kazini. Basi. Hakukuwa na wa kumwambia. Ninyi viongozi wa bendi mliomo humu, nawauliza mbele ya watu wote: binti akijiunga na bendi yenu, mkisafiri atalala wapi? Usiku wa manane muziki ukiisha atarudi nyumbani na nani? Akikuletea malalamiko juu ya mpigaji wako bora, utamsikiliza nani? Tunauliza kila mwaka kwa nini wanawake wapiga vyombo ni wachache. Wengine walikuwepo. Tuliwafukuza kwa namna tulivyowatendea.

Tuendelee. Mwaka 1956 Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta yule wa mashavu yaliyotuna, alipewa kazi na serikali ya Marekani kuzunguka dunia na bendi kubwa. Kijana Quincy Jones ndiye aliyeikusanya bendi hiyo. Gillespie alimkumbuka Melba, kwa maana alikwisha kumpa nafasi katika bendi yake miaka ya nyuma, akamwita kutoka California na kumwambia aje na muziki aliouandika.

Melba mwenyewe ndiye aliyesimulia kilichotokea. Alipofika New York alisikia wanaume wakinung'unika: kwa nini Dizzy ahangaike kuleta mpuliza tromboni kutoka mwisho wa nchi, tena mwanamke? Neno walilolitumia sitalitamka mbele ya wazee. Siku ya mazoezi Gillespie akamuuliza kama amekuja na noti. Akasema ndiyo. Zikagawiwa. Bendi ikaanza, na haikumaliza hata mistari michache, ikavurugika. Wameshindwa! Wanaume wale wote, mafundi watupu, karatasi za yule mwanamke zimewashinda. Gillespie akawageukia na kuwarudishia neno lao lile lile, akiwauliza sasa ni nani anayestahili kuitwa hivyo.

Baada ya siku ile hakuna aliyeuliza tena amefuata nini. Walikwenda naye Mashariki ya Kati, Pakistani na Ulaya ya kusini, kisha Amerika ya Kusini. Kazi alizoziandika ziliingia kwenye santuri za bendi ile. Wanafunzi, mnaona nini kilichomtetea? Gillespie alimtetea, ni kweli, na tunahitaji viongozi wa namna yake. Lakini kwanza kabisa zilimtetea karatasi zake.

Desemba 1958 alirekodi santuri yake mwenyewe, akiwa kiongozi, amezungukwa na wapuliza tromboni kama Bennie Green, Al Grey, Benny Powell, Jimmy Cleveland na Slide Hampton. Itafuteni. Sauti yake ni pana, yenye joto, haina papara. Hapigi noti kumi pale ambapo tatu zinatosha. Ndiyo santuri pekee aliyoitoa kwa jina lake akiwa kiongozi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo limenifanya nimchague Melba Liston kwa mkutano huu wa Waswahili, badala ya mwingine yeyote.

Usiku mmoja katika ukumbi wa Birdland, New York, Melba alipiga na bendi ya Gillespie. Kati ya wasikilizaji alikuwamo mpiga piano mrefu wa kutoka Brooklyn, Randy Weston, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1926. Weston aliisikia ile tromboni, akamfuata. Kuanzia hapo walifanya kazi pamoja, kwa vipindi, hadi mwanamke huyu alipofariki.

Walifanyaje kazi? Weston alitunga kwenye piano. Alikaa na Melba, akampigia wimbo, akamweleza anachokiona. Melba alisikiliza, akaondoka na wimbo ule, akarudi na karatasi za watu ishirini. Weston alileta kitambaa, Melba ndiye aliyekata na kushona. Ni nani aamue kwamba mahali hapa sauti ya juu ipewe filimbi na si tarumbeta? Kwamba tromboni tatu zilale chini, zikae kimya mistari minane, kisha ziingie kwa pamoja? Kwamba ngoma ziachiwe nafasi, kila mtu mwingine anyamaze? Hiyo ndiyo kazi ya mpangaji. Mkiisikia bendi ikikusisimua na hujui kwa nini, mara nyingi sababu ni mtu aliyekaa usiku na kalamu.

Mwaka 1960 Weston alitaka kutoa kazi kubwa ya kuishangilia Afrika, nayo ikaitwa Uhuru Afrika. Mnaujua mwaka 1960: nchi kumi na saba za bara letu zilipata uhuru katika mwaka huo mmoja. Weston alitaka ndani yake isikike lugha ya Kiafrika inayowaunganisha watu wengi. Aliwauliza Waafrika aliowapata Umoja wa Mataifa, wakamwambia: Kiswahili.

Kiswahili, ndugu zangu! Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes. Aliyeyasema kwa Kiswahili ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Watu wa Makete mliomo humu, jina la Sanga mmelisikia. Na aliyeupanga muziki wote, kila noti ya kila chombo, ni Melba Liston.

Ikarekodiwa New York, Novemba 1960. Tanganyika ilikuwa bado mwaka mzima na zaidi kidogo kuifikia tarehe 9 Desemba 1961. Kenya ilikuwa bado miaka mitatu. Bendera yetu haijapandishwa, na tayari studio ya New York inasikika neno letu, Uhuru, likitamkwa na kurudiwa. Sehemu zake zina majina ambayo hamhitaji mkalimani: Uhuru Kwanza. Bantu. Kucheza Blues. Moja tu ndiyo ya Kiingereza, wimbo wa taratibu wa kumsifu mwanamke wa Kiafrika, ulioimbwa na Martha Flowers na Brock Peters.

Wanafunzi, tazameni Melba aliandikia nani. Tarumbeta: Clark Terry, Benny Bailey, Richard Williams, Freddie Hubbard. Tromboni: Slide Hampton, Jimmy Cleveland, Quentin Jackson. Saksafoni na filimbi: Yusef Lateef, Gigi Gryce, Sahib Shihab, Cecil Payne, Budd Johnson, Jerome Richardson. Besi mbili, George Duvivier na Ron Carter. Gitaa, Kenny Burrell. Na ngoma! Max Roach, Charlie Persip, kisha Candido na Armando Peraza wa Kuba, kisha Babatunde Olatunji wa Nigeria. Nani humu ndani amewahi kuandikia bendi yenye wapiga ngoma wengi namna hiyo? Ngoma zile zingeweza kumeza kila kitu. Hazikumeza. Sikilizeni Bantu: ngoma zinaachiwa uwanja wao, zinazungumza peke yao, na wapulizaji wanapoingia wanaingia wote kwa uzito, halafu wanapisha tena. Aliyeandika vile alijua lini aandike na lini aiache karatasi nyeupe.

Yeye mwenyewe hakupuliza katika kazi ile. Tromboni aliwapa wengine. Ukiisikiliza santuri nzima hutaisikia pumzi ya Melba Liston hata mara moja, na hata hivyo yumo katika kila sekunde yake.

Mwaka 1964 serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri ile. Watawala wale walielewa vizuri sana walichokuwa wanakisikia.

Ninalo ombi hapa, wazee wetu wa bendi. Nyimbo zetu za dansi, zile ambazo tukizisikia redioni Jumapili mchana tunasimama, zina mistari ya tarumbeta na saksafoni ambayo nchi nzima inaweza kuiimba kwa mdomo. Mtunzi tunamjua, mwimbaji tunamjua, mpiga solo tunamjua. Nani aliyeipanga ile mistari ya wapulizaji? Nani aliyesema wewe piga ya juu, wewe ya chini, hapa tunyamaze? Baadhi yenu ndio ninyi, mmekaa hapa, na jina lenu halipo kwenye santuri yoyote. Tuandikieni. Tuambieni ni nani, mwaka gani, bendi gani, wimbo gani, wakati mngali pamoja nasi.

Miaka ya sitini Melba alifanya kazi kila mahali. Aliwahi kuzunguka Ulaya na bendi ya Quincy Jones katika onyesho ambalo lilivunjika Paris, wanabendi wakabaki ugenini wakihangaika kutafuta kazi. Aliandika kwa kampuni ya santuri ya Motown. Nayapita haraka, muda haututoshi.

Mwaka 1973 alikwenda Jamaika, akafundisha kwenye shule ya muziki ya Kingston kwa miaka sita. Fikirieni: anajulikana New York na Los Angeles, anaacha yote, anakwenda kisiwani kufundisha vijana kusoma noti. Namwona Bibi Hightower pale. Aliporudi Marekani mwaka 1979 ni kwa sababu tamasha la wanawake wa jazi la Kansas City, mji aliozaliwa, lilimwita nyumbani. Akaunda bendi yake, akawa kiongozi akiwa na zaidi ya miaka hamsini.

Kisha, mwaka 1985, akapata kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukapooza. Tromboni inataka mikono miwili, mmoja wa kushika na mmoja wa kusukuma mrija. Kwa hiyo tromboni ilikwisha siku ile. Mwaka 1987 alitunukiwa heshima ya Jazz Master, ambayo ni kubwa kuliko zote anazoweza kupewa mwanajazi na taifa la Marekani, akiwa hawezi tena kupuliza.

Wengi wangesema inatosha. Yeye alijifunza kuandika muziki kwa kompyuta. Randy Weston alikuwa bado yupo. Akamletea nyimbo kama zamani, na Melba akaanza kupanga upya. Mwaka 1991 walirekodi kazi kubwa juu ya roho za wazee wao waliotangulia, ikiwa na bendi pana, na kati ya wapigaji alikuwamo Dizzy Gillespie mwenyewe. Ndiyo, Dizzy yule yule wa mazoezi ya mwaka 1956. Mwaka 1993 wakatoa nyingine, ya blues. Baadaye akampangia Weston nyimbo kwa ajili ya vinanda vya nyuzi, fidla na ndugu zake, jamii ya vyombo iliyo mbali kabisa na shaba aliyoanza nayo. Nimezisikiliza kazi hizi nikitafuta uchovu wa mtu mgonjwa. Haumo. Kuna nafasi nyingi zaidi kati ya noti, na noti zenyewe zimekuwa nzito zaidi.

Alifariki Los Angeles tarehe 23 Aprili 1999, akiwa na miaka sabini na mitatu. Karatasi zake za muziki zimehifadhiwa Chicago, katika Chuo cha Columbia cha mji huo, na watafiti wanazisoma.

Mabinti wenye tromboni, nawaona watatu pale nyuma, baada ya chai nitakuwa pale kando ya jukwaa na santuri hizi zote. Njooni tusikilize. Leteni na karatasi.

Asanteni sana.